Ramani ya zamani ya kwetu Nachingwea ina vijiji vitano ambavyo leo ni pori. Watu walikwenda wapi?

#1 Mwana wa Mbwemkuru
Wakuu, salaam. Nina karatasi moja hapa inaninyima usingizi.

Ni ramani ya serikali, zile za kipimo cha 1:50,000, ya eneo la kwetu kaskazini ya Nachingwea kuelekea mto Mbwemkuru. Niliikuta kwenye sanduku la bati la marehemu babu mdogo, ambaye ujanani aliwabebea wapima ardhi vyombo vyao. Imechapishwa mwishoni mwa miaka ya 60, na pembeni chini imeandikwa kwamba ilichorwa kutokana na picha za anga zilizopigwa miaka michache kabla ya hapo.

Nimezaliwa na kukulia huko, lakini nimekuta majina matano ya vijiji ambayo sijawahi kuyasikia. Kuna njia za miguu zinazokutana, nukta nyeusi za nyumba, mashamba, na katikati kuna kisima. Leo sehemu yote hiyo ni miombo mitupu. Anayefika huko ni mrina asali au mchoma mkaa.

Jumamosi iliyopita niliingiza namba za gridi za kile kisima kwenye simu, tukatembea mimi na mdogo wangu saa mbili na nusu. Simu ikasema tumefika. Tulizunguka pale mpaka jua likatukaa utosini: kichuguu kimoja, vichaka, basi. Bibi nikimuuliza anajibu neno moja tu, "mahame", halafu anaagiza aletewe maji ya kunywa.

Watu hawa walikwenda wapi? Na ramani inaweza kukosea kiasi hicho?

#2 Kada wa Zamani
Hapo hakuna fumbo. Ni Operesheni Vijiji. Novemba 1973 Mwalimu alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na ilitakiwa hadi mwisho wa 1976 kila mtu awe ameshahamia. Picha za ramani yako zilipigwa kabla ya hapo, kwa hiyo unaona nchi ilivyokuwa siku ya mwisho mwisho.

Nilikuwa na miaka tisa. Lori lilikuja asubuhi, jioni tukalala chini ya mti kando ya barabara. Mama alibeba kinu, mchi akausahau. Aliulilia ule mchi mpaka usiku.

#3 Mpimapembe
Mkuu #1, kabla hatujailaumu ramani: kwenye simu ulichagua mfumo gani wa rejea? Ramani hizo zimefungwa kwenye mfumo wa Arc 1960, simu yako inatumia WGS84. Namba zinafanana sura, ila hazianzi kuhesabiwa mahali pamoja. Ukizichukua kwenye karatasi ukazitia kwenye simu bila kuzigeuza, huko kwenu utajikuta karibu mita 300 kaskazini ya mahali penyewe, na kama mita 90 magharibi.

Kwa hiyo rudi kwenye kile kichuguu, shuka kusini mita 300, sogea mashariki mita 90. Ukifika usitazame miguuni tu, zunguka. Kwa kipimo hicho sentimita moja ni mita 500, maana yake alama ya kisima yenye upana wa milimita moja imeshafunika mita 50 za ardhi.

#4 Mwana wa Mbwemkuru
Duh. Mita 300! Ahsante sana mkuu, Jumamosi narudi.

#5 Mngindo wa Liwale
Watani zangu Wamwera kila kitu mnakisingizia lori. Sisi Liwale tulihamishwa kabla hata hilo lori halijaundwa. Miaka ya 1940 Mwingereza aliwatoa watu kwenye makazi yao akisema ni kwa ajili ya malale, wakusanywe pamoja, mbung'o wasiwafikie. Ardhi waliyoiacha ikaingizwa kwenye Pori la Akiba la Selous. Babu yangu alikufa akiamini kwamba malale ilikuwa kisingizio, na kwamba waliotakiwa kupewa nafasi ni tembo. Leo sehemu kubwa ya pori hilo ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere tangu 2019, na humo ndani kuna makaburi ya kwetu.

Mbwemkuru ni jirani. Angalia isije ikawa ni mkasa huo huo.

#6 Mpimapembe
Mtani wa #5, nakuheshimu, lakini hesabu inakukataa. Picha za anga ni za miaka ya 60. Nukta nyeusi inawekwa pale mchoraji alipoona paa. Kama paa lilikuwepo miaka ya 60, watu hao hawakuondolewa miaka ya 40.

Isipokuwa kama kuna jina lisilo na nukta. #1, hebu angalia: majina yote matano yana nukta za nyumba?

#7 Mwana wa Mbwemkuru
Nimechukua kioo cha kukuzia cha fundi saa hapa jirani. Matatu yana nukta, moja nimelihesabia nukta 14. Mawili hayana hata moja! Jina limekaa peke yake msituni, na njia ya miguu inayolielekea imechorwa kwa vidoti vilivyoachana, kisha inakatika.

#8 Mpimapembe
Basi hiyo ni habari mbili kwenye karatasi moja. Matatu yalikuwa hai siku ndege ilipopita juu. Mawili yalishakuwa mahame wakati huo. Ama msaidizi aliyekusanya majina aliambiwa na wenyeji kwamba pale paliitwa hivi, ama jina lilinakiliwa kutoka ramani ya nyuma zaidi. Sababu iliyoua matatu siyo lazima iwe ndiyo iliyoua mawili.

#9 Msoma Nyaraka
Nimesoma yote nikaona niingie. Kabla ya hizo za Mwingereza kuna ramani za Mjerumani za kipimo cha 1:300,000, zilizosimamiwa na Sprigade na Moisel, zinazofunika koloni lote. Skani zake ziko mtandaoni, ukizikuza unasoma kila neno.

Mambo mawili ya kuangalia humo. La kwanza, vijiji vingi vimeandikwa kwa jina la mtu, yaani jumbe aliyekuwepo msafiri alipopita. Jumbe akifa, au watu wakisogea kufuata shamba jipya, jina linahama au linapotea, ingawa watu ni wale wale. Kwa hiyo "kijiji kilichopotea" huenda hakikupotea, kilibadilishwa jina.

La pili, Mjerumani hakuwa na picha za anga. Alitembea na dira kwenye njia ya msafara, akahesabu mwendo, akaandika alichokiona kulia na kushoto. Katikati ya njia mbili panabaki peupe. Weupe huo usiusome kama pori. Maana yake ni kwamba hakuna mzungu aliyepita pale.

Na tusisahau 1905. Boma la Liwale lilitekwa Agosti mwaka huo katika vita ya Maji Maji. Baadaye jeshi la Mjerumani lilichoma nyumba, maghala na mashamba, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Miaka kumi ikapita, ikaja vita kuu. Oktoba 1917 walipigana Mahiwa, na ghala la chakula la Wajerumani pale Ruponda likatekwa na Waingereza. Wanaume walichukuliwa kubeba mizigo, chakula kikakombwa. Majina yako mawili yasiyo na nukta mimi ningeyatafutia huko.

#10 Mngindo wa Liwale
Yaani mnazunguka dunia nzima ili tu malale isishinde 😀

#11 Mgosi wa Muheza
Hoja ya majina ya watu naiunga mkono kwa mfano wa Tanga. Kwenye ramani za mashamba ya mkonge huku kwetu, makazi mengi yameandikwa kama kambi tu. Manamba walikuja kutoka Songea, Kigoma, Rwanda na Burundi, wakaishi humo miaka 30, wakazaa, wakazikwa. Mkonge ulipoanguka bei kambi zikafa moja moja. Ukienda na ramani unakuta msingi wa saruji na mchungwa. Hakuna aliyelazimishwa kuondoka. Kazi iliisha.

Halafu kuna ile reli ndogo ya Tengeni hadi Sigi, ya Mjerumani, iliyokuwa ikishusha magogo kutoka Usambara Mashariki. Nilikua nikipita kwenye tuta lake kwenda shule bila kujua ni reli. Nilidhani Mungu ndiye aliyeinyoosha ile njia.

#12 Tuta la Stesheni
Umegusa reli, sasa nisikilizeni mimi wa Nachingwea mjini. Tuna kata inaitwa Stesheni, na hakuna treni. Vijana wa leo hawaulizi kwa nini.

Ule Mradi wa Karanga wa Mwingereza, ulioanza 1947 Kongwa na kufika Urambo na kwetu, ulihitaji reli ya kupeleka karanga bandarini. Ikajengwa kutoka upande wa Lindi, kisha ikaunganishwa na bandari mpya ya Mtwara, na baadaye ikafikishwa Masasi. Waling'oa miti kwa matrekta makubwa, mengine yaliyotokana na vifaru vya vita. Mvua ikagoma na udongo ukakaza. Kufika Januari 1951 serikali yao ikatangaza kuuacha mpango mkubwa. Reli ilibaki ikibeba kidogo kidogo, mwanzoni mwa miaka ya 60 ikafungwa na mataruma yakang'olewa.

Sasa tazama ramani yako #1. Kama iko karibu na eneo lile, utaona mistari iliyonyooka kama imepigwa rula na mashamba ya pembe nne. Miombo haioti kwa rula. Farm 17, iliyokuja kuwa kambi ya FRELIMO, wale wapigania uhuru wa Msumbiji, ni jina lililotoka kwenye hesabu ya mashamba hayo. Nauliza: vijiji vyako vitatu havikuvutwa na kibarua cha karanga, vikabaki yatima mradi ulipokufa?

#13 Mwana wa Mbwemkuru
Nimeangalia, mstari ulionyooka upo lakini pembeni kabisa kusini, mbali na vijiji vyangu. Ila baba aliwahi kusema baba yake alilipwa ujira na "kampuni ya njugu". Sikuwahi kuuliza zaidi, nalijutia hilo.

#14 Kada wa Zamani
Wakuu, naona mnaikwepa Operesheni kwa adabu. Niliishi ndani yake. Kwetu kusini kuhamishwa kulianza mapema kuliko sehemu nyingi, kwa sababu ya vita ya Msumbiji ng'ambo ya Ruvuma. Watu walikusanywa ili walindike. Waliobaki ndio wakakutwa na amri ya 1973. Sikatai shule na zahanati tulizipata, mimi mwenyewe nilisomea kwenye kijiji hicho kipya. Lakini mikorosho ya baba ilibaki mwendo wa saa tatu kwa miguu, ikafunikwa na magugu na nguruwe pori wakawa ndio wenye shamba. Ninavyojua mimi, kilichoua mahame ni umbali. Mtu hawezi kulinda shamba asikolala.

#15 Kirinyaga Kwetu
Hamjambo ndugu zangu. Huku kwetu Kenya ya kati mambo ni kinyume, na ndiyo maana uzi huu umenishika. Ramani za miaka ya 50 mwishoni zinaonyesha vijiji vikubwa, nyumba zimebanana mistari mistari. Leo hapo ni chai na kahawa, na nyumba zimetawanyika kila mtu kwa shamba lake.

Vile vijiji vilikuwa vya Hali ya Hatari. Kuanzia 1954 serikali ya kikoloni iliwakusanya watu zaidi ya milioni moja ndani ya vijiji vyenye handaki na miti iliyochongwa ncha, ili wapiganaji wa Mau Mau wasipate chakula. Hatari ilipopungua na mashamba yakapimwa upya, watu wakatoka. Nyanya yangu hataki kabisa kuita pahali hapo kijiji. Anasema "kule ndani".

Nyinyi mnalilia nukta zilizopotea. Kwetu nukta zikipotea ilikuwa siku ya furaha.

#16 Msoma Nyaraka
#15 umenifungua macho. Nimekuwa nikisoma nukta nyingi kama neema.

#17 Kijana wa Ruangwa
Mimi niliambiwa kuna kilima kwenye ramani jina lake kwa lugha yetu maana yake ni "sijui". Mzungu aliuliza "hapa panaitwaje", mwenyeji akajibu sijui, akaandika hivyo hivyo. Kwa hiyo majina ya #1 huenda hayakuwahi kuwepo kabisa.

#18 Mpimapembe
Hadithi hiyo nimeisikia mikoa sita tofauti, kila mmoja anaapa kilima ni cha kwao. Nikiomba namba ya karatasi hakuna anayeleta. Majina ya ramani za 1:50,000 yalikusanywa na wasaidizi Waafrika waliotembea na picha za anga mkononi, wakawauliza wazee. Makosa yapo, tena mengi: R inakuwa L, herufi ya mbele inaliwa. Lakini jina kubuniwa lote ni nadra. Babu mdogo wa #1 huenda ndiye aliyekuwa akiuliza.

#19 Kijana wa Ruangwa
Nimekubali kwa herufi, lakini kilima kipo! Nikienda likizo nakileta na picha.

#20 Wakili wa Kijijini
Naomba niseme neno kabla mtu hajabeba ramani kwenda kwa mwenyekiti wa kijiji kudai mahame ya babu. Ramani ya topografia inaonyesha kilichoonekana, haithibitishi umiliki. Tena Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, kifungu cha 15, inalinda ugawaji wa ardhi uliofanyika kati ya 1 Januari 1970 na 31 Desemba 1977, yaani kipindi cha Operesheni, na inafuta haki za waliokuwepo kabla. Nimeona ndugu wakiuza ng'ombe kuendesha kesi ambayo ilikwisha kabla ya kuanza. Uliza kwanza.

#21 Kada wa Zamani
Kwa hiyo sheria inajua tulitolewa, na inasema yameisha.

#22 Wakili wa Kijijini
Mzee wangu, ndivyo ilivyoandikwa. Sijasema ni tamu.

#23 Mwana wa Mbwemkuru
WAKUU. Nimerudi.

Tuliondoka alfajiri, tukafika kwenye kichuguu kile kile, nikashuka kusini kama alivyosema Mpimapembe, mashariki mita 90. Hapakuwa na kitu. Tukaanza kuzunguka. Mdogo wangu ndiye aliyeona kwanza: miembe. Mitatu, mikubwa mno, imesimama kwenye mstari, na kuizunguka ni miombo tu. Mwembe haujipandi kwenye mstari.

Chini yake kuna vigae vya vyungu, vingine vina nakshi ya mistari shingoni. Kuna jiwe la kusagia, limelika katikati mpaka ukiweka mkono unazama kama kwenye bakuli. Na kisima kipo! Kiko hatua 60 hivi kutoka mwembe wa mwisho, kimejaa majani na udongo, lakini ukingoni kuna gogo gumu lililolazwa, na kwenye gogo kuna mifereji minne iliyochimbwa na kamba za ndoo. Nilitia kidole kwenye mmoja ukameza kidole mpaka kwenye fundo la pili. Sikuweza kusema kitu kwa muda.

Sasa sikilizeni. Nilimwonyesha bibi picha ya jiwe kwenye simu. Aliishika kwa mikono miwili. Akasema jina la kijiji, na SILO lililoandikwa kwenye ramani. Nikamsomea lile la ramani, akasema, "Huyo alikuwa mjomba wangu." Kwa hiyo Msoma Nyaraka alikuwa sahihi, ni jina la jumbe.

Lakini Kada, samahani mzee wangu: bibi anasema wao hawakungoja lori. Walihama wenyewe masika moja kabla, kwa sababu ya simba aliyewachukua watu wawili kwenye dungu wakilinda mtama. Nikamwuliza mwaka, akasema "mwaka wa simba".

#24 Kada wa Zamani
Usiniombe samahani mwanangu, umenifurahisha. Lakini muulize bibi: baada ya simba, kwa nini hawakurudi? Watu wa zamani simba aliwahamisha msimu mmoja, wakamwinda, wakarudi. Kama hawakurudi ni kwa sababu walikatazwa kurudi. Hapo ndipo lori langu linaingia.

#25 Mngindo wa Liwale
Au simba wenyewe walitoka wapi? Ukiondoa watu miaka ya 40 ukaacha pori likue mpaka mpakani mwa mashamba, simba anakuja mwenyewe. Bado niko kwenye malale, ila sasa nimepitia mlango wa nyuma.

#26 Tuta la Stesheni
Na mimi natazama mtama. Kwenye dungu walikuwa wanalinda mtama, siyo karanga. Nakubali nilikosea kwa kijiji hicho. Bado viwili.

#27 Kirinyaga Kwetu
Hayo magogo yenye alama za kamba, tafadhali piga picha nzuri na uweke kitu kando cha kuonyesha ukubwa. Mvua moja kubwa na moto wa msitu, yataisha.

#28 Mwana wa Mbwemkuru
Nitafanya hivyo. Bibi anataka apelekwe, anasema miembe ilikuwa minne na anataka kuona ni upi umekufa. Ana miaka zaidi ya 80. Nimeongea na mtu mwenye pikipiki, anasema njia inapitika mpaka kama kilomita 3 kutoka pale, iliyobaki tutambeba kwa zamu. Mtani wa Liwale kasema kwenye ujumbe wa pembeni kwamba anakuja kusaidia kubeba.

Mpimapembe, nikutumie nini ili unigeuzie namba za yale mengine manne, hasa yale mawili yasiyo na nukta?

#29 Mpimapembe
Picha ya pembe zote nne za karatasi, mchana, bila mwako wa taa, pamoja na maandishi yote ya chini. Na tafadhali usiikunje tena hiyo ramani. Izungushe kama mkeka, itie kwenye bomba la plastiki, weka mbali na mende.

Na ukiwa na bibi pale, mwache aseme majina yote kabla hujamsomea ya kwenye karatasi.